Kifua cha Saharudin

“Hujapuliza, Pak. Umehema tu,” alisema Bu Ratmi, muuguzi. “Rudia.”

Ilikuwa mara ya tano. Saharudin alikibana tena kibanio puani, akashika kibomba cha karatasi kwa vidole viwili kana kwamba ni cha moto, akavuta hewa hadi mabega yakainuka. Kisha akaiachia. Ilitoka ndefu, nyembamba, imenyooka, haikukatika hata kidogo. Kwenye kioo cha mashine ya kupimia pumzi mstari ulipanda kivivu kama mchukuzi mwenye gunia, halafu ukalala.

“Puliza! Puliza, puliza, puliza!” Bu Ratmi alikuwa akipiga meza kwa kiganja. “Toa yote! Jamani, baba yangu, mbona unaibembeleza hewa?”

Kiyoyozi cha zahanati kilikuwa kimekufa tangu juzi, kwa hiyo mlango uliachwa wazi, na nje ya mlango, kwenye benchi, walikaa wapiga mbizi sita wa karakana ya meli wakisubiri zamu yao au wakisubiri wenzao. Hakuna aliyelipa kuingia, lakini walitazama kama watu waliokata tikiti.

“Mpe mto, Bu,” alisema Yopi, kijana wa miaka ishirini na mitatu aliyepita kwa pulizo la kwanza asubuhi ile. “Mzee anatafuta pa kulala.”

Wakacheka. Saharudin naye alicheka kidogo, kwa adabu, akafuta midomo kwa mkono wa shati. Rogayah, mkewe, hakucheka. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki kizingitini, begi la mumewe mapajani, na ule mkanda wa begi ameuzungusha mara mbili kiganjani bila kujijua. Hivyo ndivyo alivyokuwa akiuzungusha mpira wa hewa zamani, walipokuwa na mashua yao na kompresa yao ya kusukuma hewa chini, Saharudin akiwa chini anaokota majongoo bahari, yeye juu ameshika mpira na kutazama mapovu. Miaka tisa alishika mpira ule. Akitaka kujua hali, aliuvuta mara moja. Na kutoka chini mpira ulivutwa mara moja: nipo. Hawakuwahi kuhitaji maneno mengi zaidi ya hayo.

Cha ajabu ni kwamba mambo mengine yote siku ile yalikwenda vizuri. Masikio yalikuwa mazima. Picha ya eksirei ilikuwa safi. Alipopandishwa kwenye sanduku, juu na chini kwa dakika tano kufuata mlio wa saa, vijana walishuka wakiwa wameloa jasho na kushika viuno. Saharudin, mwenye miaka arobaini na minne, alishuka kama mtu aliyekwenda dukani kununua chumvi. Bu Ratmi alimshika mkono kuhesabu mapigo ya moyo, akahesabu tena, akamwangalia.

Lakini pulizo ndilo lililokataa.

Daktari Simbolon aliweka karatasi mezani na kuigeuza ili Saharudin aione, ingawa wote wawili walijua kuwa Saharudin hawezi kuisoma mistari ile. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye sauti ya kanisani.

“Pak Saharudin, hewa unayo nyingi tu. Shida ni sekunde ya kwanza. Mtu mwenye kifua kizima hutoa robo tatu ya hewa yake ndani ya sekunde moja. Wewe hata nusu hukufika. Maana yake, kwa macho ya mashine hii, njia zako zimebana. Na mwenye njia zilizobana simshushi chini. Atapanda juu, hewa iliyonasa ndani itatanuka, pafu litapasuka. Wewe unalijua hilo kuliko mimi.”

“Nalijua, daktari.”

“Umewahi kufanya kazi na kompresa za zamani?”

“Miaka tisa.”

“Zile za moshi?”

“Wakati upepo ukigeuka, moshi ulishuka kwenye mpira. Ndiyo.”

Daktari alishusha pumzi, akagonga muhuri. *Hafai kwa sasa.* Alimpa wiki moja arudi kupuliza tena. Matokeo yakiwa yale yale, itakuwa hospitali kubwa, na maji basi.

Walipokuwa wakitoka, Rogayah aliushika upindo wa shati la mumewe, akauvuta mara moja. Saharudin aliendelea kutembea. Hakuugusa mkono wake.

&nbsp;

Kesho yake karakana haikumfukuza. Msimamizi, Pak Zainuri, alimpa ufagio.

Rogayah alipofika gatini na chakula cha mchana alimkuta mumewe amechuchumaa juani, akizungusha mipira ya hewa ya wenzake na kuifunga kwa kamba. Alikuwa akiifunga vizuri mno, kila mzunguko sawa na mwenzake, na hilo lilimuuma zaidi. Ndani ya maji, chini ya tumbo la meli kubwa ya mafuta, alikuwa Yopi, akikwangua kamba na nyavu zilizojisokota kwenye rafadha. Kazi ya Saharudin ile. Watu wa karakana walisema yeye hufungua rafadha iliyonaswa kama mama anavyofungua nywele za mtoto, bila kukata uzi usiostahili kukatwa. Mara mbili manahodha wa kigeni walimtaka kwa jina.

“Kak Gayah!” Yopi alipanda ngazi akivuja maji, amevua kofia ya kuzamia. “Umemletea nini mzee wa pafu moja? Mpe uji, asije akakabwa.”

“Nimemletea samaki,” Rogayah alijibu. “Wewe umekata mpira wa mafuta wa mashine yako kule chini au ni macho yangu?”

Yopi aligeuka haraka kutazama maji. Mpira wa mafuta ulikuwa ukielea pale, umekatika. Wenzake walipasuka kwa kicheko, na hata Saharudin aliinamisha kichwa kuficha meno. Baada ya hapo zilipita siku kadhaa kabla Rogayah hajamwona akicheka tena.

Pak Zainuri alikuja wakati wanakula. Hakuwa mtu mbaya. Alikaa juu ya debe, akawasha sigara ya karafuu, akamwekea Saharudin moja kando, akaongea akitazama pembeni.

“Meli ya pili inaingia Ijumaa. Siwezi kumpa yule mtoto, ataharibu. Sikiliza, Bang, kaka yangu. Mdogo wako Herdi, yule wa duka la simu. Mnafanana sura, sivyo?”

“Tunafanana.”

“Mpe kitambulisho chako. Aende zahanati ile ya kule mjini, si hii. Apulize yeye. Karatasi itoke na jina lako. Si wewe wa kwanza, wala hutakuwa wa mwisho. Nusu ya vijana hawa wamepuliziwa na mabinamu zao.”

Rogayah aliuona wali mkononi mwake, akaona amesahau kuula. Tuseme ukweli: moyo wake uliruka kwa furaha. Binti yao alikuwa shule ya bweni kisiwa cha pili, na malipo ya mfagiaji hayakutosha hata nauli yake ya boti. Ilikuwa rahisi. Herdi angekubali kabla hawajamaliza kusema.

Saharudin alilamba vidole, akafunika chombo cha chakula.

“Pak Zainuri, karatasi haishuki chini. Nitakayeshuka ni mimi, na kifua hiki hiki.”

“Kifua chako nakijua miaka kumi.”

“Na mimi nilidhani nakijua.” Alisimama, akachukua ufagio. “Kikipasuka kule chini, nani atanifuata? Yopi. Mtoto wa watu aje anitoe mimi chini ya meli, kwa uongo wangu? Hapana. Ahsante, lakini hapana.”

Zainuri alivuta sigara mpaka mwisho. Alipoondoka alimgusa Saharudin begani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

&nbsp;

Lakini nyumbani Saharudin alianza kukohoa.

Rogayah alikisikiliza kikohozi kile siku tatu na hakukielewa. Kilikuwa kikavu, cha juu juu, na kilikuja tu akiwa anafikiri. Mumewe alikuwa amekaa barazani, miguu inaning’inia juu ya maji, kwa kuwa nyumba yao, kama za jirani zote, ilisimama juu ya nguzo. Alikuwa akijisikiliza. Alivuta hewa, akatulia, akatega sikio kama fundi anayesikiliza injini.

“Bang, kikohozi hicho umekitoa wapi? Juma lililopita hukuwa nacho.”

“Kilikuwapo. Sikukisikia.”

“Mimi ningekisikia.”

“Ni ule moshi, Gayah. Umekaa miaka yote unanila taratibu. Si daktari amesema?”

Rogayah ndiye aliyekuwa juu siku hizo. Yeye ndiye aliyepaswa kuigeuza mashua upepo ulipogeuka. Aliwaza ni mara ngapi alichelewa.

Siku moja kabla ya kurudi zahanati, alasiri, alikuwa akiandaa otak-otak za kuuza gatini. Samaki alishasagwa na kutiwa viungo, ameshafungwa kwenye majani, lakini mkaa uligoma kushika. Saharudin alikuja mwenyewe, akachukua ule mwanzi mrefu wa kupulizia, akachuchumaa. Kazi hiyo ilikuwa yake siku zote. Wanawake wa jirani walikuwa wakimwazima kama watu wanavyoazima kinu. Alivuta hewa, akainua kidevu, akapuliza.

Mkaa ulianza kuwaka kutoka katikati. Wekundu ulitambaa polepole mpaka pembeni, na hakuna hata punje ya jivu iliyoruka. Aliendelea kupuliza. Rogayah alihesabu bila kukusudia: kumi, ishirini, thelathini. Pumzi ilikuwa ile ile, nyembamba, imenyooka. Kidevu juu, macho juu, midomo imebana kidogo.

Rogayah aliacha majani.

Alikuwa ameiona sura hiyo mahali. Hakuwa ameiona jikoni tu. Aliiona ikipanda kutoka kwenye maji ya kijani, mwaka ule mkanda wa kompresa ulipokatika. Injini ilikuwa ikinguruma lakini hewa haikwenda, na Saharudin alikuwa chini pima kumi na tano. Rogayah aliushika mpira akiwa hana la kufanya, akatazama. Mapovu ya kawaida yalikoma. Kisha ikaanza safu nyembamba, povu baada ya povu, kama shanga kwenye uzi, haikukatika mpaka kichwa chake kilipotokeza. Hakuwa ameivuta hata pumzi moja. Alipanda kwa ile aliyokuwa nayo, akiitoa kidogo kidogo njia nzima. Baadaye wapiga mbizi wote aliowafundisha, hata huyo Yopi, aliwafundisha hivyo: ukipanda, usiibane hewa na usiimwage, itoe kama unamwimbia mtoto alale.

“Bang,” alisema. “Ulikuwa unapanda.”

Saharudin aliondoa mwanzi mdomoni. “Nilikuwa napanda wapi?”

“Kule kwa Bu Ratmi. Ulikuwa unapanda juu. Kidevu hivyo hivyo, macho hivyo hivyo. Yeye anakwambia puliza, wewe unapanda kutoka pima kumi na tano.”

“Kupuliza ni kupuliza, Gayah.”

“Si kweli. Yeye anataka itoke kwa kishindo. Si umemsikia daktari? Sekunde ya kwanza. Wewe sekunde ya kwanza huitoi, unaiweka akiba ya njiani.”

Saharudin alikaa chini kabisa, matako sakafuni.

“Nitoe yote mara moja?” alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeambiwa avue nguo sokoni. “Nimekaa miaka ishirini na miwili nikijifunza nisifanye hivyo. Mwili utakataa.”

“Jaribu.”

Alijaribu. Ilitoka ndefu, nyembamba. Alijaribu tena, akatoa sauti ya paka, wakacheka wote wawili, kisha wakaacha kucheka. Mara ya saba alitupa mwanzi.

“Unaona? Si mwili wangu tena. Ni wa kule chini.”

Rogayah alimtazama. Hakuwa na elimu ya kifua. Alisoma hadi darasa la sita na hapo akaolewa na kushika mpira. Lakini alikuwa amemtazama mtu huyu kwenye maji kuliko alivyokitazama kitu kingine chochote duniani. Alipitisha moyoni kila alichowahi kumwona akikifanya kule. Je, hakuna hata kimoja cha ghafla?

“Mrija,” alisema.

“Mrija gani?”

“Wa mdomoni, ukiogelea juu unatafuta mahali pa kuzama. Wimbi likiujaza maji, unafanyaje?”

“Nayatema.” Na alipokuwa akisema, akafanya: *puh!* Fupi, kali, kutoka tumboni. Jivu lote la jiko liliruka, likawajaa usoni, likaingia kwenye samaki.

Walikaa pale weupe kama wafu, wakitazamana. Kikohozi kile hakikusikika tena.

&nbsp;

“Wake za watu wakae nje,” alisema Bu Ratmi asubuhi iliyofuata. Alikuwa na watu kumi na wanane wa kupima, na kiyoyozi bado kilikuwa kimekufa. “Nina kazi.”

“Samahani, Bu. Nilitaka kusema neno moja tu, kuhusu kupuliza kwake.”

“Dada, nimepima vifua vya watu tangu hujaolewa.”

Benchi lilicheka. Rogayah alihisi masikio yakiwaka. Alirudi kwenye kiti chake kizingitini, akauzungusha mkanda wa begi mkononi. Ndani, Saharudin alikuwa ameshabanwa pua. Alivuta hewa. Na Rogayah akaona kidevu kikianza kuinuka.

Bu Ratmi akasirike asikasirike, Rogayah aliita kwa sauti ile aliyokuwa akiitumia kushinda injini:

“Mrija umejaa maji, Bang!”

*Puh!*

Mstari kwenye kioo uliruka wima. Bu Ratmi, aliyekuwa ameinua kiganja apige meza, alikiacha hewani.

“Sasa panda!” Rogayah alikuwa amesimama. “Panda polepole, bado hujafika, panda, panda, bado…”

Na Saharudin akapanda. Kishindo kilikuwa kimeshatoka, na sasa ilifuata ile pumzi yake mwenyewe, safu ya shanga, sekunde nane, kumi, kumi na mbili, mpaka mashine ikalia yenyewe kwamba inatosha. Yopi alikuwa amesimama mlangoni, mdomo wazi.

Bu Ratmi aliitazama karatasi ilipotoka. Kisha akamtazama Rogayah, na uso wake ulikuwa umebadilika. Wengine wangenuna. Yeye alivuta kiti.

“Njoo ukae huku ndani,” alisema. “Umemwambia nini? Nieleze vizuri. Na lazima niwe na mapulizo matatu yanayofanana, la sivyo daktari atasema ni bahati.”

Yalifanana yote matatu.

Daktari Simbolon aliweka karatasi mpya karibu na ile ya zamani, akaagiza mashine ikaguliwe kama haina hitilafu. Haikuwa nayo.

“Pak Saharudin,” alisema, “una ndoo kubwa kuliko watu. Mtu wa kimo chako angejaza lita nne na nusu. Wewe una sita. Nimeona hivyo kwa wapiga mbizi wachache tu, wale wa muda mrefu. Ndoo ikiwa kubwa na bomba likiwa la kawaida, sekunde ya kwanza huonekana ndogo hata ukiitoa vizuri. Hilo silihesabu kuwa ugonjwa.”

“Basi nafaa?”

“Subiri. Hapa mwishoni mstari umelegea kidogo. Hii ni vijibomba vidogo kabisa. Huo ndio moshi wako, na sigara za karafuu. Haijafika pabaya. Utakuja kila miezi sita, si kila mwaka, na sigara unaacha leo, si kesho. Ukinidanganya, mashine itaniambia.”

“Sitakudanganya, daktari.”

“Najua.” Daktari alichukua muhuri mwingine. “Zainuri alinipigia simu. Aliniambia ulichokataa. Kwa kweli nilikuwa nimekaa hapa nikiomba upite.” Akagonga. *Anafaa.*

Saharudin aliishika karatasi kwa mikono miwili. Alitoa paketi ya sigara mfukoni, akaiweka juu ya meza ya daktari, taratibu, kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima. Kisha akainama kwa Bu Ratmi, akatoka.

Walikaa kwenye benchi nje kusubiri jua lipungue. Wenzake walimpisha katikati. Hakuna aliyetania, mmoja alimletea chai ya baridi kwenye mfuko wa plastiki wenye mrija. Ndani ilikuwa zamu ya mpiga mbizi mgeni, mzee mmoja kutoka visiwa vya kaskazini, na pulizo lake la kwanza lilitoka refu na jembamba. Bu Ratmi hakupiga meza.

“Sikiliza, Pak,” walimsikia akisema. “Mrija umejaa maji. Haya! Sasa panda. Panda polepole, bado hujafika…”

Saharudin alikuwa amefumba macho. Kifua chake kilikuwa kikishuka pamoja na cha yule mzee, pumzi kwa pumzi, mpaka mwisho. Rogayah alitazama mkono wake, akaona mkanda wa begi bado umezungushwa pale, umemwachia alama nyekundu.

Kutoka upande wa pili wa begi, mkanda ulivutwa. Mara moja.

Naye akauvuta. Mara moja.